Mtetea Achanjwe Kabla ya Kutaga

Ndugu msomaji, huenda utashangaa. Ukurasa huu ni wa afya ya watu. Kuku wameingiaje?

Wameingia kwa mlango wa zahanati. Mtoto akishikwa na homa kali usiku, na ikalazimu apelekwe Muheza, nauli hutoka wapi? Hapa Bulwa wengine wetu wanachuma chai. Wengine wanalima iliki, mdalasini na pilipili manga. Mshahara wa chai una tarehe yake. Fedha ya iliki ina msimu wake. Ugonjwa hauna tarehe wala msimu. Basi mama huingia bandani, hukamata jogoo mmoja au wawili, huwauza kwa jirani, na safari inaanza. Na mtoto aliyeachishwa ziwa hupata yai kutoka banda hilo hilo.

Ndiyo maana mdondo ukipita kijijini, mimi mganga msaidizi huuona upesi, ingawa sikusomea mifugo. Huuona kwa wagonjwa wanaochelewa kuletwa. Ukiwauliza kwa nini wamechelewa, wanasema walikuwa wakitafuta fedha. Ukiuliza kuku wako wapi, wanasema wamekwisha.

Maoni yangu ni haya. Kuku wote wa kijiji wachanjwe dhidi ya mdondo kila baada ya miezi 4. Na wale kuku wa mbegu, yaani mitetea na majogoo tunaowategemea kutupa vifaranga, wapewe na chanjo nyingine zinazowafaa kabla mtetea hajaanza kutaga. Najua wapo wasiokubaliana nami. Nitaeleza sababu zangu.

Kwanza tuufahamu ugonjwa wenyewe. Wengine huuita kideri. Wataalamu waliutambua mara ya kwanza mwaka 1926, katika kisiwa cha Java na katika mji wa Newcastle huko Uingereza. Tangu hapo umeenea karibu dunia nzima. Kuku mwenye mdondo husinzia, hupumua kwa shida, huharisha kinyesi cha kijani. Wengine hupooza mabawa na miguu. Wengine hupinda shingo, kichwa kikaangalia juu au nyuma. Banda ambalo halikuchanjwa laweza kumalizika kwa siku chache.

Ugonjwa huu huletwa na kirusi. Kirusi ni kijidudu kidogo mno, hata darubini ya zahanati haikioni. Kuku mgonjwa hukitoa kwa kinyesi, kwa mate na kwa kamasi. Hubebwa na viatu, na matenga ya kuku, na manyoya na matumbo yanayotupwa ovyo baada ya kuchinja. Hakuna dawa ya kutibu mdondo. Nasema tena, maana hapa ndipo watu wengi hupoteza fedha yao: hakuna dawa ya kutibu mdondo.

Hapa nina jambo linaloniudhi kidogo. Watu huja dirishani kuomba vidonge vya rangi mbili. Ukimwuliza mtu anaumwa nini, anasema kikohozi. Lakini hakohoi. Vidonge vile vinakwenda kufunguliwa na unga wake kumwagwa katika maji ya kuku. Wengine hawaombi zahanati, hununua dukani. Ndugu yangu, dawa ile huua vijidudu vya aina nyingine viitwavyo bakteria. Kirusi cha mdondo haikigusi. Kuku aliyekunywa dawa ile akipona, angepona bila hiyo. Akifa, umepoteza kuku na dawa pia.

Na hasara haiishii hapo. Bakteria waliomo ndani ya kuku huizoea dawa. Wakizoea, hawafi tena. Bakteria hao hupita kwa kinyesi, kwa mikono na kwa nyama isiyoiva, wakafika kwa watu. Halafu siku moja mtoto wako anaugua kweli ugonjwa unaohitaji dawa ile, nayo haifanyi kazi. Tena mabaki ya dawa huingia katika yai na nyama. Yai unalompa mtoto ili apate nguvu, linampa na dawa ambayo hakuandikiwa na mtu.

Wazee wetu hutumia pilipili, majivu na shubiri katika maji ya kuku. Mimi sibishani na wazee kuhusu shubiri, kwa kuwa haimdhuru jirani. Lakini haijazuia mdondo usimalize kuku, nao wazee wenyewe ni mashahidi.

Kinachozuia mdondo ni chanjo. Iko chanjo iitwayo I-2. Asili yake ni huko Australia, ambako ilitayarishwa kwa ajili ya kuku wa vijijini, mahali pasipo na jokofu. Sasa hutengenezwa hapa kwetu Tanzania na Wakala wa Maabara ya Veterinari. Faida yake kubwa ni kuwa inavumilia joto kuliko chanjo za zamani. Ikiwa bado kavu katika chupa yake, na ikiwekwa gizani, yaweza kukaa wiki 8 katika joto la nyuzi 28 bila kuharibika. Huku milimani kwetu baridi inatusaidia. Chupa inaweza kupanda gari kutoka Muheza ikiwa imeviringishwa kitambaa kibichi ndani ya kikapu, ikafika salama. Lakini isiwekwe juani, wala juu ya dashibodi ya gari. Ikikaa muda mrefu kabla ya kutumika, mahali pake ni katika jokofu.

Kuku hutiwa tone moja katika jicho moja. Jogoo mkubwa tone moja. Kifaranga wa jana tone moja. Kazi hii mtu yeyote aliyefundishwa anaweza kuifanya, awe mwanamke au mwanamume, hata kijana aliyemaliza darasa la saba. Subiri kuku apepese jicho, kisha mwachie. Ukimaliza nawa mikono kwa sabuni. Usijiguse jicho kabla ya kunawa, maana kirusi cha mdondo chaweza kumwasha mtu jicho na kulifanya jekundu kwa siku kadhaa. Hupona, lakini husumbua.

Sasa nije kwa mtetea.

Mama mjamzito akija kliniki huchomwa sindano ya pepopunda. Tunamchoma mama, lakini tunamfikiria na mtoto pia. Kinga ya mama hupita tumboni ikamfikia mtoto, naye huzaliwa akiwa nayo tayari. Kitovu kikikatwa, pepopunda haimpati kwa urahisi. Akina mama wa Bulwa mnalijua jambo hili vizuri. Hamhitaji mimi niwafundishe.

Kuku naye ni hivyo hivyo. Hana mimba, lakini ana yai. Mtetea aliyechanjwa huweka kinga yake katika kiini cha yai, ile sehemu ya njano. Kifaranga akiwa ndani ya yai hukila kiini hicho, na kinga huingia mwilini mwake. Anatoka ganda limepasuka, bado ana unyevu, na tayari ana silaha ya mama yake. Mtetea asiyechanjwa, na ambaye hajapata kuugua, hana cha kuwapa watoto wake. Vifaranga wake 10 wanaanza maisha mikono mitupu.

Kwa hiyo ukimchanja mtetea mmoja kabla hajataga, umewasaidia na watoto ambao hawajatotolewa. Tone moja tu. Sijui faida nyingine ya shamba inayopatikana kwa bei ndogo kama hii.

Lakini kinga ya mama haidumu. Hupungua kila siku. Kifaranga akifika wiki ya tatu au ya nne, imekwisha nguvu. Hapo lazima apate yake mwenyewe. Na liko jambo jingine ambalo huwachanganya watu. Kinga ya mama ikiwa bado na nguvu nyingi, huweza kuipiga chanjo anayopewa kifaranga, chanjo isishike vizuri. Hata watoto wetu ni hivyo. Chanjo ya surua tunaitoa mtoto akifika miezi 9, na sababu moja ni hiyo: kinga ya mama ya surua hukaa mwilini mwa mtoto kwa miezi mingi, nayo huizuia chanjo. Kisha tunairudia akiwa na miezi 18 ili tuwapate wale ambao haikuwashika. Basi kifaranga aliyetiwa tone akiwa mdogo asihesabiwe kuwa amemaliza. Siku ya chanjo inayofuata, naye atiwe tena. Hiyo ndiyo maana ya kurudia kila miezi 4. Tukichagua Januari, Mei na Septemba, mtu hasahau.

Swali ninaloulizwa sana ni hili: je, kuku anaweza kupewa chanjo mbili au tatu kwa pamoja? Hazitamzidi nguvu?

Nami nawauliza akina mama: mtoto wa wiki 6 anapata nini kliniki? Anapata matone ya polio. Anapata matone ya kuzuia kuharisha. Anachomwa sindano ya nimonia. Anachomwa na sindano nyingine ambayo peke yake ina kinga za magonjwa 5. Yote siku moja, kisha anabebwa mgongoni anarudi nyumbani. Pengine usiku ana homa kidogo. Asubuhi ananyonya kama kawaida. Mwili unaweza kufundishwa mambo mengi kwa siku moja.

Kwa kuku, chanjo ya mdondo hutiwa jichoni. Chanjo ya ndui ya kuku hutiwa katika ngozi nyembamba ya bawa kwa sindano maalumu. Njia zake ni mbili tofauti, nazo huweza kutolewa siku moja kwa kuku mzima wa afya. Ndui ndiyo ile inayoleta vipele na magamba kwenye upanga, kope na mdomo. Huenezwa na mbu na kwa vidonda. Kifaranga mwenye ndui hupofuka, hashiki chakula, hufa kwa njaa. Chanjo yake kwa kawaida hutolewa mara moja. Baada ya siku 7 hadi 10 mfunue kuku bawa. Ukikuta kivimbe kidogo pale alipochomwa, chanjo imeshika. Usipokikuta, mwite bwana mifugo. Mtetea wa mbegu apewe chanjo hii kabla hajaanza kutaga, ili asisumbuliwe wakati wa mayai.

Ila msichanganye chanjo wenyewe. Nimewahi kusikia mtu akisema atamimina chupa mbili katika chupa moja ili apunguze kazi. Hapana. Chanjo mbili hai zikimiminwa pamoja bila kutengenezwa hivyo zinaweza kuharibiana. Zipo zilizotengenezwa pamoja tangu kiwandani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wametengeneza chanjo iitwayo Tatu Moja, inayokinga mdondo, ndui na mafua ya kuku. Hiyo ni sawa, kwa kuwa waliipima. Ya kwako ya jikoni haikupimwa na mtu.

Uko na ugonjwa wa homa ya matumbo ya kuku. Huu huletwa na bakteria, nao una ubaya wa pekee: mtetea mwenye ugonjwa huweza kuupitisha kwa kifaranga ndani ya yai. Basi ndani ya yai mama hupitisha kinga, na hupitisha ugonjwa pia. Anayefuga kuku wa mbegu na kuwauzia wenzake mayai ya kulalia au vifaranga aulizie chanjo yake. Iko chanjo ya homa hii ambayo ni bakteria hai waliopunguzwa ukali. Ukimpa kuku rangi mbili siku hizo, unaiua chanjo ndani ya mwili wake, na fedha imekwenda. Unaona vile vidonge vinavyorudi kutusumbua?

Wanaonunua vifaranga wa chotara kutoka kwa watotoleshaji wa mjini waulize mambo mawili kabla ya kulipa. Je, wazazi wao walichanjwa mdondo na gumboro? Je, vifaranga walichanjwa mahepe siku ya kwanza? Muuzaji mzuri hujibu bila kukasirika.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na baadhi ya wenzangu. Wako wanaofuga chotara 50 au 100 bandani, nao huwachanja vizuri. Lakini kuku wa kienyeji wanaorandaranda uani mwao hawawachanji. Husema wa kienyeji ni wagumu. Ni wagumu kwa njaa na kwa baridi. Kwa mdondo si wagumu. Wanakufa sana, na wanaubeba kutoka boma hadi boma. Mtu wa namna hii amejenga ukuta mbele ya nyumba na nyuma akaacha wazi. Mwezi Juni 2025 Serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya chanjo ya mifugo huko Bariadi, mkoa wa Simiyu, na kuku waliingizwa pamoja na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Ni jambo jema. Lakini kampeni hupita, na mdondo hurudi. Miezi 4 ikiisha ni kazi yetu.

Kazi hiyo haiwezekani kwa mtu mmoja mmoja. Sababu ni chupa. Chupa moja hutosha kuku mia moja au zaidi. Ikishafunguliwa na kuchanganywa na maji yake, haifai kuwekwa. Mama mwenye kuku 8 akinunua peke yake, atatumia matone 8 na kumwaga yaliyobaki. Ataona chanjo ni ghali, na hatanunua tena. Lakini nyumba 15 zenye kuku 8 kila moja zina kuku 120. Wakigawana bei ya chupa, kila mmoja anatoa fedha kidogo sana. Hesabu hii mtu yeyote aliyekaa darasa la elimu ya watu wazima anaweza kuifanya kwenye mchanga.

Kuna wanaosema chanjo itolewe bure siku zote. Mimi sikubali. Mchanjaji anaamka alfajiri, kabla kuku hawajatoka. Anapanda na kushuka makorongo yetu haya kwa miguu, mara tatu kwa mwaka. Asipolipwa chochote, mara ya kwanza atakwenda kwa moyo, mara ya pili atakwenda kwa aibu, mara ya tatu hatakwenda. Tumlipe kwa kila kuku. Kikongwe asiye na kitu, kijiji kimlipie.

Na tuwaachie akina mama daftari. Kuku wengi wa Bulwa ni wao. Wao ndio wanaojua mtetea yupi analalia na yupi amebakiza wiki mbili kuanza kutaga. Lakini katika mikutano ya kijiji wanaosema juu ya kuku ni wanaume, nao wakiulizwa idadi hukuna kichwa.

Nijibu na hili la kuwa chanjo inaua kuku. Nalisikia kila mwaka. Chanjo ya tone haileti mdondo. Kinachotokea ni kwamba watu hungoja mpaka kuku wa jirani waanze kufa, ndipo wamtafute mchanjaji. Wakati huo kuku wengine wana kirusi tayari, ingawa bado wanakula na kunywa. Kuku huweza kukaa na kirusi siku 5 au 6, hata wiki mbili, kabla ya kuonyesha dalili. Na chanjo nayo huhitaji wiki moja hadi mbili ili kinga ipatikane. Kuku akifa katikati, chanjo inalaumiwa. Tuchanje kuku wakiwa wazima. Kuku mgonjwa asichanjwe, na mchanjaji asitoke boma lenye ugonjwa akaingia boma zima.

Wengine walilalamika kuwa walichanja na kuku wakapungua vile vile. Tukachunguza, tukakuta ni mwewe na nguchiro. Chanjo haizuii mwewe. Tuseme mtetea anatotoa vifaranga 10, mara 3 kwa mwaka. Hao ni 30. Ukiwaacha wazi, ndege na wanyama watakula wengi, na mvua yetu itaua wengine. Wafungie na mama yao katika banda dogo wiki za mwanzo. Na banda hilo lisiwe jikoni. Nasema kama mganga: vinyesi vya kuku na mtoto anayetambaa visikae chumba kimoja. Mtoto hutia mkono chini, kisha mdomoni, na kesho ninamwona akiharisha.

Jogoo wa kuazima ni hatari nyingine. Ni desturi nzuri kumpa jirani jogoo wa mbegu, au kumpa shemeji mtetea wa kuanzia. Desturi hiyo isife. Lakini jogoo huyo achanjwe kwanza, kisha akifika ugenini atengwe wiki mbili kabla ya kuchanganywa. Aliyenunuliwa sokoni naye atengwe vile vile, hasa siku za karibu na Idi na Krismasi, ambapo kuku wengi huuzwa na watu wengine huuza kwa sababu wameona dalili. Kuku akifa kwa mdondo, mzike au mchome moto. Usimtupe mtoni. Maji yale yale tunakunywa sisi wa bondeni.

Mkutano wa kijiji ukiitishwa, kila anayefuga aje na hesabu yake kwenye karatasi: mitetea wangapi, majogoo wangapi, vifaranga wangapi, na mitetea wangapi wanakaribia kutaga. Bwana mifugo hawezi kuagiza chupa bila hesabu hiyo. Asiyejua kuandika amtume mwanawe, au aje na punje za mahindi mfukoni, tutazihesabu pamoja.